Daftari la baba mdogo

Mwezi uliopita nilifika Kaboya, wilayani Muleba, walikozikwa askari wetu wa vita vya Kagera. Nilisimama muda mrefu kwenye kaburi la baba mdogo. Pale yeye ni askari. Kwetu Iramba alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na huyo mwalimu ndiye ninayetaka kumwandika.

Bibi alinikabidhi daftari lake la maandalio ya masomo, alilokuwa amelifunga kwenye kanga chini kabisa ya sanduku la bati. Ukurasa wa mwisho ni wa Novemba 1978. Hisabati, kipindi cha pili, kutoa kwa kukopa. Kwenye maoni ameandika kwa wino mwekundu: "Watoto 11 hawajaelewa. Kurudia kesho."

Kesho yake hakuingia darasani. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevuka mpaka mwishoni mwa Oktoba, daraja la Kyaka likalipuliwa, na Mwalimu Nyerere alikwisha kusema redioni kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Baba mdogo alikuwa amepitia mafunzo ya mgambo. Wakaitwa.

Bibi alimsihi: "Mwanangu, mkono wako huo ni wa chaki." Hakubishana naye. Aliuliza tu kama karanga zimeshakaangwa. Akazifunga kwenye kitambaa, akapanda lori la kwenda Itigi kukamata treni.

Barua zake zilifika tatu. Anauliza nani amechukua kipindi chake, paa la darasa bado linavuja, na je, wale 11? Anawataja mmoja mmoja kwa majina, na jina la mtoto wa jirani yetu amelipigia mstari chini. Kuhusu vita kuna sentensi moja: wanatembea sana. Ni kweli, askari wetu wengi waliifikia Kampala kwa miguu.

Yeye hakuifikia. Alifia upande wa Uganda Machi 1979, mwezi wa mapigano ya Lukaya. Kampala ilipotekwa Aprili 11, kijijini walipiga vigelegele. Bibi alikuwa ndani, amejifunga kaniki. Simlaumu aliyeshangilia, lakini kila ninapomfikiria bibi akizisikia zile sauti akiwa ndani, kifua hunibana.

Jambo moja ndilo alilokuwa akilisimulia bila kulia. Kabla ya vita, baba mdogo alifundisha elimu ya watu wazima jioni, na bibi alikaa benchi la mbele, akimwita mwanawe "mwalimu" kama wenzake wote. Vitu vyake viliporudishwa, ofisa aliyevileta alifungua kidau cha wino ili bibi aweke dole gumba. Bibi akakisogeza pembeni, akaomba kalamu, akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, huku ofisa akisubiri.