Mpira mmoja kwa watu wawili

Jumanne, Moshi

Leo mlima ulikuwa wazi. Kibo chote kilionekana mpaka barafu yake iliyosalia, na Mawenzi pembeni na meno yake. Nimefundisha jiografia miaka 32 na bado nikiuona hivi husimama. Wanafunzi wangu nilikuwa nawaambia anayetaka kuuona mlima aamke mapema: jua likishapasha joto miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, ikifika juu hupoa na kugeuka mawingu, na ikifika saa nne Kibo kimeshajifunika shuka. Ndiyo maana sisi huanza kucheza gofu saa kumi na mbili na nusu, umande ukiwa bado kwenye nyasi na viatu vikilowa kabla ya shimo la pili.

Tuko wanne. Hatuitani kwa majina, tunaitana kwa kazi tulizoziacha. Yupo Sista, aliyekuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Yupo Mhasibu. Yupo Bwana Shamba, aliyezunguka na pikipiki kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, vya Kibosho na Machame akiwafundisha watu kukata matawi ya kahawa. Na mimi Mwalimu. Nilistaafu mwaka 2018 nikiwa na miaka 60, na mwaka wa kwanza nilikaa nyumbani nikiisikiliza saa ya ukutani. Sista ndiye aliyekuja kunitoa. Alinipa fimbo mbili za zamani akaniambia, "Dada, njoo tutembee tu. Kupiga utajifunza njiani."

Nilijifunza njiani kweli. Kanuni zinaruhusu mchezaji abebe fimbo zisizozidi 14. Mimi ninazo saba, nimezipata moja moja, na zinanitosha. Watu wengi hapa mjini wanaamini gofu ni ya wazungu na matajiri, na sitasema gharama hakuna. Ada ipo, na kijana anayekubebea fimbo anastahili ujira wake na heshima yake. Lakini uwanja wetu ni wa mashimo 9 tu. Tunazunguka mara moja, tunakunywa chai, tunarudi nyumbani. Wenye nguvu zao huzunguka mara mbili wapate 18.

Sasa niandike kilichonileta kwenye daftari. Wiki iliyopita kijana mmoja pale klabu aliiona kadi yetu mezani, akauliza kwa adabu, "Shikamoo Mwalimu, mbona kadi yenu haina hesabu?" Nikamjibu kwamba siku hizi hatuandiki. Alicheka kidogo akaenda zake. Jibu lile halikuwa uongo, ila lilikuwa fupi mno, na limenikaa kooni tangu siku hiyo.

Zamani tulikuwa tunaandika. Mhasibu aliandika kwa kalamu yake ya wino, namba zimenyooka kama leja. Katika gofu hakuna refa anayekufuata nyuma. Mwenzako anakuandikia kadi, lakini idadi ya mapigo unaitaja wewe mwenyewe, na mwisho unaweka sahihi yako. Ukipiga mara saba nyuma ya mti ambapo hakuna aliyekuona, unatoka na kusema saba. Mchezo mzima umesimama juu ya hilo. Kwa hiyo mtu akitaja idadi pungufu, kosa lake si dogo.

Mwaka juzi, kipupwe cha Juni kikiwa kimeanza, Bwana Shamba alitoka shimo la nne akasema, "Tano." Mhasibu alikuwa amehesabu saba. Akanyamaza, akaandika tano. Wiki iliyofuata ikawa hivyo tena kwenye shimo la sita. Mara ya tatu Mhasibu hakuweza kuvumilia. Akalisema mezani, mbele ya chai, mbele ya vijana: "Bwana Shamba, hesabu zako siku hizi hazilingani na mapigo yako."

Bwana Shamba aliinuka, hakumaliza chai. Sijausahau uso wake. Wakati ule niliona hasira, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ilikuwa hofu. Wiki mbili hakuonekana uwanjani.

Sista alikuwa ameona mapema kuliko sisi. Alikuwa ameona kwamba Bwana Shamba anamuuliza kedi, yule kijana mbeba fimbo, umbali wa kufika kwenye bendera, anajibiwa, kisha kabla ya kuchukua fimbo anauliza tena, na tena. Aliona siku moja tulipotoka shimo la tano, yeye akaanza kutembea kurudi shimo la kwanza, akajifanya anatafuta kitambaa chake. Sista akaenda kumwona mke wake, wakazungumza jikoni. Baada ya vipimo daktari aliwaambia ni ugonjwa wa kusahau, ule wanaouita dimenshia, na kwamba bado uko mwanzoni.

Nilipoambiwa, kitu cha kwanza nilichofikiri ni ile tano. Mwenzetu alikuwa anataja mapigo yote aliyoyakumbuka. Hakupunguza hata moja.

Mhasibu alilia. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu wa mahesabu. Alikata jani la isale kwenye ua wa kihamba cha marehemu baba yake, akalipeleka nyumbani kwa Bwana Shamba jioni, ameshika kwa mikono miwili. Asiyetoka huku huenda asielewe. Kwa Wachaga, anayekuja na isale amekuja kuomba msamaha, na anayeletewa hawezi kumfukuza. Mke wa Bwana Shamba alinisimulia kwamba walikaa sebuleni muda mrefu bila maneno mengi, halafu Bwana Shamba akalichukua jani akaligeuza mkononi na kuanza kumweleza Mhasibu kwa nini hupandwa mpakani.

Hapo ndipo tulipoacha kuandika. Lakini kuacha tu kuandika hakukutosha, kwa sababu aliendelea kujihesabu mwenyewe, kwa vidole, midomo ikitetemeka, na akipotea katikati mchana wake wote huharibika. Sista ndiye aliyekumbuka kwamba kanuni zenyewe zina namna nyingine ya kucheza: wawili wanatumia mpira mmoja, wanapokezana. Mmoja anaanza kwenye mashimo ya namba witiri, mwenzake anaanza kwenye namba shufwa, na baada ya hapo ni pigo kwa pigo, wewe kisha mimi, mpaka mpira uingie. Namna hii inachezwa tangu zamani, hata kwenye mashindano makubwa ya timu za Ulaya na Marekani. Kwetu imekuwa dawa. Hakuna mtu anayebeba hesabu peke yake.

Mimi ndiye mwenzake. Yeye anaanza witiri, mimi shufwa. Sista na Mhasibu ni upande wa pili.

Nilidhani nitakuwa nacheza na mgonjwa. Haikuwa hivyo, na hili ndilo ninalotaka mtu mwenye mzazi au rafiki wa namna hii alisome. Bwana Shamba akisimama juu ya mpira, miguu inajua, mabega yanajua. Fimbo inapanda polepole na kushuka kama ilivyokuwa zamani, na sauti ya mpira inakuambia kabla hujainua macho. Sista alinieleza kwamba kumbukumbu za mambo yaliyotokea asubuhi hii na kumbukumbu za mikono hazihifadhiwi mahali pamoja kichwani, na zile za asubuhi ndizo hutangulia kuondoka. Za mikono huchelewa. Ndiyo maana mama aliyesahau jina la mwanawe anaweza bado kusuka ukili.

Na za zamani nazo huchelewa. Tukiwa tunatembea kati ya shimo la tatu na la nne, ambapo kuna kivuli kirefu, namuuliza habari za kahawa. Ananieleza utafiti wa kahawa wa kituo cha Lyamungu ulioanza mwaka 1934, na aina za N39 na KP423 ambazo wazee wetu walizipanda na kusomeshea watoto. Anaeleza ugonjwa wa chulebuni unavyoozesha tunda likiwa bado bichi, na kutu ya majani inavyoanza na madoa ya rangi ya chungwa chini ya jani. Namba hizo za aina za kahawa hajawahi kukosea hata moja. Nimesikia somo hili mara nyingi sasa, na nimegundua kwamba silichoki. Mwalimu hufundisha somo lilelile kila mwaka. Kusikiliza lilelile nako ni kazi ninayoiweza.

Mpira ukipotea, kanuni zinakupa dakika tatu za kuutafuta. Zamani zilikuwa tano, zikapunguzwa mwaka 2019. Sisi hatuangalii saa. Vijana wanaotuongoza wanajua. Yupo mmoja, kedi wa siku nyingi, ambaye hatembei tena mbele ya Bwana Shamba bali ubavuni mwake, na kila wanapotoka kwenye shimo humwambia, "Mzee, twende huku, mlima tunauacha nyuma." Hamwelekezi kwa kidole, anatumia mlima. Sijui nani alimfundisha hilo. Anastahili zaidi ya ujira tunaompa, na tumekubaliana kuuongeza.

Si siku zote ni njema. Ijumaa iliyopita alinikasirikia, akasema nimemwibia mpira wake. Nilimpa, akaushika mpaka mwisho, hatukucheza mashimo mawili ya mwisho, tulitembea tu. Mke wake akija kumchukua getini huniangalia kwanza mimi usoni kabla ya kumwangalia yeye, nami nimejifunza kumjibu kwa kichwa. Itafika siku miguu nayo itasahau. Sista ameshatuambia, na hatulizungumzi.

Niliwaomba ruhusa kuandika haya, mke wake na yeye mwenyewe, asubuhi ambayo alikuwa ametulia. Alifikiri kidogo akasema, "Andika, Mwalimu. Ila uandike pia kwamba bado napiga mpira ukanyooka." Nimeandika, na ni kweli.

Leo basi, shimo la tisa. Ni witiri, akaanza yeye, mpira ukaenda katikati kabisa. Pigo la pili lilikuwa langu. Nilipoufikia mpira nikamkuta ameshasimama juu yake, fimbo mkononi, anaangalia bendera. Kanuni za mchezo wa kuhesabu mapigo zinasema asiye na zamu akipiga, upande wake unaongezewa mapigo mawili na pigo linarudiwa. Mhasibu alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, na kanuni hizo anazijua kuliko sisi sote. Aliniangalia, akageuka kuutazama mlima. Nikarudi nyuma.

Alipiga. Mpira ulitua kabla ya griini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, ukadunda, ukapanda, halafu ukaanza kuserereka kushoto, kuelekea upande wa mashamba ya miwa ya TPC, kama mipira yote ya hapa inavyofanya kwa sababu ardhi yote inashuka kutoka mlimani. Ukasimama kama hatua nne kutoka kwenye shimo.

Tulitembea mpaka pale bila haraka. Akachukua fimbo yangu ya kusukumia kutoka kwa kedi, akaifuta umande kwa shati lake, akanipa.

"Zamu yako, Mwalimu," akasema. Na safari hii ilikuwa kweli zamu yangu.