Jiko lilikuwa limeshatolewa nje

Juzi pale kijiweni kijana mmoja alininyooshea simu. "Mzee, hebu ona." Kundi lao la WhatsApp lilikuwa limepokea picha tisa za chumba alimofia mtu, na polisi bado wako njiani. Yeye alikuwa ananionyesha marehemu. Mimi nilikuwa nahesabu miguu. Malapa ya bluu, raba, gambuti, miguu mitupu ya mtoto, na mama mmoja ameegemea mlango kwa kiganja kizima. Watu kumi na mmoja kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi. Nikamrudishia simu yake, nikaagiza kahawa nyingine.

Nimestaafu Jeshi la Polisi, na sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikula kwenye upelelezi. Watu wakishajua, swali ni lile lile: mnajuaje kama mtu kauawa au kafa tu? Wanasubiri niwapigie hadithi za alama za vidole na vinasaba. Hivyo vipo, lakini mara nyingi kazi yangu ilianza na swali dogo sana: nani alifungua dirisha?

Tukio ninalolikumbuka kuliko yote ni la Njombe, enzi hizo bado ni wilaya ya Mkoa wa Iringa, kabla haijawa mkoa mwaka 2012. Nilikuwa koplo, V mbili mkononi. Mwezi wa saba, na anayeijua Njombe ya mwezi wa saba hahitaji maelezo: sakitu imelala juu ya majani ya chai, ukizungumza unatoa moshi kama bomba la lori. Simu ilipigwa kituoni na mtendaji wa kijiji. Kuna mtu amekufa, mwingine yuko hoi, wamewekewa sumu kwenye ulanzi, ile pombe ya mianzi. Akaongeza, "Na mhusika wananchi wameshamjua, afande. Njooni haraka."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyotufanya tusimalizie chai. Kijiji kikishamjua mhusika kabla polisi hawajafika, ujue unakwenda kwenye vifo viwili.

Tulifika saa nne na nusu. Mimi, konstebo mmoja na dereva, na kamera ya kituo iliyobaki na picha kumi na nne kwenye mkanda wa thelathini na sita. Hilo nalo vijana wa leo hawatalielewa. Picha kumi na nne unazigawa kama sukari ya mwisho wa mwezi: mbili za nyumba kwa nje, mlango, chumba kizima kutoka kila pembe, halafu ndipo usogee karibu, na ukisogea karibu uweke rula pembeni ili hakimu ajue alama ina ukubwa gani. Ukikosea hakuna kufuta.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshafanya jambo la maana kuliko sisi wote. Mtuhumiwa, jirani aliyegombana na marehemu kuhusu mpaka wa shamba la miti, alikuwa amemfungia ofisini kwake na kuweka mgambo mlangoni. Nje kuna watu wengi na maneno machache. "Kamwene," nikawasalimia. Waliitikia kwa shingo upande.

Chumbani nikakuta kila kitu kimeshafanywa vizuri, na hapo ndipo penye balaa. Mlango umevunjwa. Dirisha li wazi. Mpwa wa marehemu, mvulana wa miaka kumi na mitatu aliyekutwa anakoroma asiyeamka, amekimbizwa hospitali kwa pikapu ya mfanyabiashara wa mbao. Marehemu ameshushwa kutoka kitandani, amelazwa chali mkekani, macho yamefumbwa, taya limefungwa kwa kitambaa, mikono imenyooshwa, blanketi juu. Jiko liko nje chini ya mparachichi, mkaa umemwagiwa maji. Mama mmoja alikuwa hata ameanza kufagia. Nikamwomba fagio kwa adabu kama ninayeomba mtoto nimpakate.

Katika miaka yangu yote, waliokuja kuniharibia eneo la tukio kwa makusudi ni wachache sana. Waliobaki wote walikuwa watu wema. Mtu hawezi kumwacha ndugu yake taya limeachama eti anasubiri koplo atoke mjini. Na yule aliyevunja mlango na kufungua dirisha, angengoja polisi, tungekuta maiti mbili. Kwanza uhai, ndiyo kanuni ya kwanza kabla ya kamba na utepe. Kwa hiyo mimi sijawahi kumfokea mtu kwa kugusa. Ukimfokea anaanza kusema hakugusa, na hapo ndipo umepoteza ushahidi kweli kweli. Nusu ya eneo la tukio haimo tena chumbani, imo kwenye mikono ya watu waliosimama uani, na inabidi uikusanye kwao taratibu.

Nikamwita aliyevunja mlango, fundi seremala, kifua kama mlango wenyewe. Nikamwambia, "Kaka, nifanyie kama ulivyofanya asubuhi. Polepole." Akaegemeza bega. Akaonyesha alipoangukia. "Nikaona joto, afande. Chumba cha moto kama mkate. Nikashika jiko hili hapa," akafunua kiganja, malengelenge mawili, "nikalitupa nje." Dirisha? "Lilikuwa limezibwa na mfuko wa mbolea. Nimeung'oa." Mfuko wenyewe uko wapi? Watoto walikuwa wameukalia.

Komeo la ndani lilikuwa limeng'oka pamoja na misumari yake, na vijiti vya ubao vimechanika kuelekea ndani. Maana yake mlango ulifungwa na aliyekuwa ndani, na nguvu ilitoka nje. Sakafuni, hatua moja na nusu kutoka kitandani, kulikuwa na mduara wa majivu mwembamba kama alama ya kikombe mezani. Nikaazima futi ya yule fundi, nikapima kutoka kuta mbili, nikachora. Ramani ya eneo la tukio haitaki sanaa, inataka vipimo kutoka vitu visivyohama. Ukipima kutoka kitandani, kesho kitanda kitauzwa.

Blanketi ndilo lililonichelewesha. Nililifunua kumtazama marehemu, nikaliweka kando, halafu nikalirudia. Upande mmoja lilikuwa na mstari wa vumbi ulionyooka, na upana wake sawasawa na mlango, na ndani ya manyoya yake kuna vijiti vidogo vya ubao. Nikauliza uani, hili blanketi lilitoka wapi? Kimya. Halafu yule mama wa fagio akasema, "Lilikuwa hapo chini ya mlango, mwanangu, limekunjwa. Nimemfunika kwa kuwa alikuwa wazi." Yaani lile lililozuia baridi isiingie, na hewa isitoke, ndilo lilikuwa sanda yake ya muda.

Maiti yenyewe inasema kama una tochi na subira. Taya na shingo vimekakamaa, mikono imekakamaa, miguu pia, na baridi ya Njombe huchelewesha hayo yote, kwa hiyo saa kadhaa zilikuwa zimepita, pengine tangu katikati ya usiku. Moyo ukisimama, damu hutuama upande uliolaliwa, na baada ya saa nyingi haihami tena hata ukimgeuza mtu. Yeye alikuwa amelazwa chali, lakini damu ilikuwa imetuama ubavu wa kulia, na mabaka yenye rangi hafifu kwenye bega na nyonga, pale mwili ulipogandamiza godoro. Alikufa akiwa amelala kwa ubavu, kama mtu anayelala. Kwenye ngozi nyeusi rangi haijitangazi, unatazama kucha, viganja, ndani ya mdomo. Zilikuwa za waridi. Mtu aliyekufa saa nyingi kucha zake kama za mtoto mchanga aliyetoka kuoga.

Nilishakuwa na jibu langu, na nikaliandika. Daktari wa hospitali aliposoma maelezo yangu jioni ile akaweka kalamu chini. "Koplo, baridi nayo hufanya maiti iwe ya waridi. Usiniandikie sababu ya kifo. Niandikie rangi." Sijapata somo fupi kama hilo hata chuoni. Tangu siku hiyo taarifa zangu ziliandika kilichoonekana, kimeonekana wapi, na nani alikuwepo. Sababu ni ya daktari, na kesi ikifika huko, ya hakimu anayekaa kama korona, yaani mchunguzi wa vifo vyenye utata.

Ulanzi nao ilibidi tuuchukulie kwa uzito, hata kama moyoni nilishauachia. Dumu la lita tano la yule jirani, limebaki theluthi. Nikaenda zahanati kuomba chupa safi mbili, maana sampuli ukiitia kwenye chupa ya soda, wakili atakuuliza nani aliinywa soda. Dumu lenyewe tukalifunga na kulipiga lakiri. Kila kilichochukuliwa kikaandikwa kwenye hati mbele ya mwenyekiti na ndugu wawili wa marehemu, wakasaini: jiko moja, mfuko wa mbolea mmoja, blanketi moja, dumu moja, chupa mbili.

Komeo sikuliandika. Nililichukua nikaliweka mfukoni mwa koti nilipokuwa nasaidia kubeba maiti kwenye gari, nikasahau. Siku ya tatu natafuta funguo, nakutana nalo. Mkuu wa upelelezi wa wilaya alilitazama mezani kwake muda mrefu. "Hili sasa ni chuma tu," akasema. Na alikuwa sahihi. Hakuna karatasi inayosema lilikaa wapi siku tatu. Miaka ya baadaye Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Jinai namba 110 ya 2007, ilipoweka wazi kwamba mlolongo wa kielelezo uonekane kwenye maandishi tangu kinakamatwa hadi kinaletwa mahakamani, vijana walilalamika kwamba ni urasimu. Mimi nililikumbuka koti langu. Bahati yangu nilikuwa nimelipiga komeo picha mbili kabla ya kulichukua, kati ya zile kumi na nne.

Ndugu walitaka kuzika siku ile ile. Siwalaumu. Kumwambia baba mzee kwamba mwanawe atapasuliwa kwanza ni kazi ngumu kuliko kuikamata bunduki. Nilikaa naye kwenye gogo, nikamwambia, "Baba, tukimzika hivi hivi leo, yule aliyefungiwa kule atauawa kwa sumu ambayo labda haikuwepo." Akatazama chini. Halafu akauliza kama anaweza kuwapo mochwari. Akaruhusiwa kukaa nje ya mlango.

Mvulana alizinduka baada ya kuwekewa oksijeni. Nilimhoji siku ya pili, bibi yake akiwa kitandani pembeni. Akasema yeye alikunywa togwa, na mjomba ulanzi. Baridi ikazidi. Mjomba akaingiza jiko, mkaa wa miti ya miwati umeshakolea, hauna moshi hata kidogo. "Mjomba alisema moshi ndio mbaya, huu umeshaisha." Kichwa kikaanza kumgonga, akadhani ni baridi. Hapo nilifunga daftari kidogo. Watu wengi wanafikiri kama yule mjomba. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni. Mkaa uliokolea vizuri, ule tunaousifia, ndani ya chumba kilichozibwa unatoa hiyo hiyo.

Sampuli zilipelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, Dar es Salaam. Askari alipanda basi na kisanduku mapajani, safari ya kutwa, na barua ya makabidhiano yenye majina ya aliyetoa na aliyepokea. Majibu yalichukua muda wake. Damu ilikuwa na kaboni monoksaidi. Ulanzi ulikuwa ulanzi.

Nikaenda mwenyewe kijijini kuwaeleza, maana barua pekee isingetosha kwa watu walioshika mapanga. Nilizungumza mkutanoni, baba mzee akasimama akampa mkono yule jirani, na watu wakatawanyika bila mengi. Jirani akabaki. Alikuwa amekonda. Nilidhani atanishukuru, au atanilaumu kwa usiku aliolala mahabusu kwa ajili ya usalama wake.

"Na dumu langu, afande?"

Ikabidi nimwambie ukweli. Ulanzi haujui kwamba umekuwa kielelezo. Uliendelea kuchacha ndani ya lakiri, dumu likavimba kama tumbo la ng'ombe, na usiku mmoja likapasuka kwenye stoo ya vielelezo juu ya majalada ya wizi wa mifugo. Mtunza stoo alinuka wiki nzima.

Alinitazama kuhakikisha simtanii. Kisha akacheka, hadi akashika magoti.

"Basi mtaninunulia jingine," akasema. "La lita tano, lenye mfuniko."