Nilivyoanza kuhesabu pumzi kabla ya kuchoma kidole

Mwaka wangu wa kwanza wa utabibu niliufanyia kwenye zahanati ya kijiji mkoani Morogoro, mimi na muuguzi mmoja. Masika yakishika kasi, benchi la nje lilikuwa limejaa kufikia saa moja asubuhi, na karibu kila mama aliyepakata mtoto alikuja na neno moja: homa. Maabara hatukuwa nayo. Tulikuwa na kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kuchoma kidole. Tone la damu, matone ya bafa (maji maalumu ya kipimo), dakika 15, mistari miwili maana yake malaria ipo, dawa mseto, anayefuata aingie.

Ndivyo nilivyomhudumia mtoto mmoja wa miezi 14. Mistari miwili ilitoka wazi, nikaandika dawa mseto, mama akaondoka. Shati lake sikulifunua. Kesho yake jioni mama alirudi mbio, mtoto begani. Alikuwa anaguna kila anapotoa pumzi, pua zinatanuka, na kila akivuta hewa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani. Nimonia kali. Tulimchoma ampisilini na jentamaisini, tukatafuta gari la kumpeleka hospitali ya wilaya. Alipona, baada ya siku nne za oksijeni.

Usiku ule sikulala. Mama yule alikuwa ameniambia tangu siku ya kwanza: "Daktari, anahemahema." Nililisikia neno lake, nikalipitisha, kwa sababu kipimo kilikuwa kimeshanijibu.

Na kipimo hakikuwa kibovu. Kile tulichokuwa nacho kinatafuta protini inayotolewa na vimelea vya malaria, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Nilipoiangalia kadi ya mtoto nikakuta ametibiwa malaria wiki tatu nyuma. Hata kama malaria mpya ilikuwepo kweli, haizuii nimonia kukaa mwili mmoja nayo. Mimi nilikiuliza kipimo swali moja, nikalichukua jibu lake kama jibu la maswali yote.

Mwongozo wa kutibu watoto wagonjwa ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF miaka ya 1990, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutumia, ulikuwa umebandikwa ukutani nyuma ya kiti changu. Namba zake nilizikariri chuoni: mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni kupumua haraka, wa miezi 2 hadi 11, 50, wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, 40. Kuzikariri nilikariri. Kukaa dakika nzima nikihesabu huku watu 40 wananisubiri nje, hilo nilikuwa silifanyi.

Nikabadili mpangilio. Kabla kidole hakijachomwa, mama anaketi, anafunua shati la mtoto, nami nahesabu. Mtoto akishachomwa analia, na pumzi za mtoto anayelia hazikuambii kitu. Anayenyonya namngoja amalize. Aliyelala ndiye bora kabisa, simwamshi. Nahesabu dakika kamili kwa saa yenye mshale wa sekunde, maana nusu dakika ukiizidisha mara mbili na kosa linazidi mara mbili. Watoto wachanga hasa, pumzi zao huenda mbio kisha zikatulia. Namba ikiangukia mpakani narudia. Baada ya hapo nafungua kiganja chake nakilinganisha na cha mama yake nione kama damu imepungua, kisha ndipo kipimo. Wiki ya kwanza foleni ilinung'unika. Baadaye wenyewe walianza kuingia na mashati yameshafunguliwa.

Tabia hiyo ndiyo iliyonisaidia mwaka uliofuata, kwa mtoto ambaye hakuwa na malaria wala nimonia. Bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa miaka 9, amekonda, midomo imekauka, anatapika. Wiki nzima alikuwa kwenye dawa za taifodi. Kipimo cha malaria: mstari mmoja.

Nikahesabu. Pumzi 38 kwa dakika, na si za juujuu kama za nimonia. Zilikuwa ndefu, za kina, kama za mtu aliyepanda mlima, ilhali kalala. Nikaweka kifaa kifuani: mapafu safi pande zote. Nilisimama pale na hofu kubwa. Kwa nini mapafu safi yapumue hivi?

"Bibi, shikamoo tena. Nyumbani anakunywaje maji?"

"Marahaba, mwanangu. Huyo? Mtungi mzima hamtoshi. Na usiku siku hizi anakojoa kitandani, mtoto wa darasa la tatu! Nikianika godoro, sisimizi wanalijaa."

Muuguzi akainama karibu na mdomo wake, akasema anasikia harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi. Mimi sikuisikia, na si kila pua huisikia. Tukamchoma kidole kwa mara ya pili, safari hii kwa mashine ya sukari. Kwa mwenye dalili kama zake, 11.1 (milimoli za sukari kwa lita ya damu) inatosha kusema ni kisukari. Mashine haikutoa namba. Iliandika HI, maana sukari imepita pale inapoishia kuhesabu, 33.3. Damu ilikuwa imejaa asidi, na zile pumzi ndefu ndizo zilizokuwa zinajaribu kuitoa. Nilimpigia daktari wa wilaya, akanielekeza kiasi cha dripu ya chumvi cha kuanza nacho njiani. Insulini alianzishiwa hospitali.

Walirudi mwezi uliofuata kunisalimia. Friji hawana. Bibi ameweka insulini kwenye mtungi mdogo wa udongo, ndani ya mwingine mkubwa, katikati kuna mchanga anaoumwagia maji asubuhi na jioni, nyuma ya mlango ambako jua halifiki. Mtoto mwenyewe alinionyesha daftari lake la sukari. Siku ile asubuhi ilikuwa 7.8, ameandika kwa penseli na kupigia mstari.