Siku moja maishani mwangu: mimi, tumbo langu na maikrofoni

Saa 11 alfajiri. Siku ya kuhutubia sihitaji kengele, tumbo huniamsha lenyewe. Huu ni mwaka wa tisa naishi kwa kuzungumza mbele ya watu na bado linanguruma. Zamani nilidhani ni dalili kwamba sifai. Siku hizi naliacha lingurume, nami naenda kuoga.

Saa 12. Mazoezi, nimesimama, kwa sauti. Kusoma kimoyomoyo ni kujidanganya, maana ulimi haujapita njia hiyo. Nakariri sentensi ya kwanza na ya mwisho tu. Ukikariri hotuba nzima, neno moja likikuponyoka umepotea. Dakika 20 kwa mwendo wangu ni kama maneno 2,600, na leo yamezidi. Nimekata kisa nilichokipenda sana. Kiliniuma, lakini hakikuwa na kazi.

Saa 3. Nimefika ukumbini kabla ya watu. Kwanza nakaa kiti cha nyuma kabisa, nione watakavyoniona. Kisha najaribu maikrofoni na fundi mitambo. Nikiisogeza mdomoni mno, kila "p" inapasuka kama puto.

Saa 4 kasorobo. Viganja vimelowa, mate yamekauka. Ni adrenalini hiyo, homoni inayomwagwa mwilini mtu akiwa na hofu, na kuiambia "tulia" hakujawahi kunisaidia. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha utafiti ulioonyesha kuwa waliojiambia wana msisimko kabla ya kuhutubia walifanya vizuri kuliko waliojiambia wametulia. Basi nimejibanza nyuma ya pazia nanong'ona, "Nina hamu, nina hamu," kama kichaa. Navuta pumzi, naitoa taratibu zaidi ya nilivyoivuta.

Saa 4. Mshereheshaji amekosea jina langu. Sawa tu. Sentensi ya kwanza imetoka safi, mabega yakashuka. Mkononi nina kadi ngumu. Karatasi laini ni msaliti, hutetemeka hata mtu wa safu ya mwisho akaona.

Dakika ya saba slaidi zikagoma, na kilichofuata kikanitoka kichwani. Kimya. Pengine zilikuwa sekunde nne, kwangu zilikuwa robo saa. Nikashika glasi, nikanywa maji, nikaiweka mezani polepole. Safu ya tatu kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiitikia kwa kichwa tangu nianze. Nikamgeukia yeye, nikarudia sentensi niliyokuwa nimetoka kuisema kama vile namsisitizia. Ya mbele yake ikaja yenyewe.

Saa 6 mchana. Kijana mmoja amenifuata mlangoni. "Pale uliponyamaza, ulitupa nafasi ya kufikiri. Ile mbinu nimeipenda." Nikamshukuru. Kumsahihisha ningemharibia.

Saa 10 jioni. Nasikiliza nilivyojirekodi, sehemu ya kazi ninayoichukia kuliko zote. "Yaani" nimeitaja mara 31! Ajabu ni kwamba kile kimya cha dakika ya saba nimekipita bila kukitambua, ikabidi nirudishe nyuma kukitafuta.

Saa 2 usiku. Daftarini naandika mawili: kilichokwenda vizuri (yule mama), na cha kurekebisha ("yaani"). Simu imelia. Ni mwaliko wa wiki ijayo, wasikilizaji mara tatu ya leo. Nimejibu ndiyo haraka, kabla tumbo halijapata habari.