Perege wa sentimita 187

Mzee mwenye bwawa alikuwa na swali moja: "Mwanangu, hawa perege, niliowapandikiza ni wangapi na waliozaliwa humu humu ni wangapi?" Perege huzaana upesi, kwa hiyo kokoro likivutwa linakuja na wakubwa kwa wadogo. Nikapima 240, nikarudi na daftari lililolowa.

Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Urefu wa kila rika ukiuchora hutoa umbo la kengele: wengi katikati, wachache pembeni. Marika mawili yakichanganyika, algorithimu ya EM, ile ya Dempster, Laird na Rubin ya mwaka 1977, huyatenganisha: hukisia kila samaki ni wa kundi gani, hupima makundi upya, hurudia hadi itulie. Nikaagiza makundi mawili. Nikapewa kundi la samaki 235 wenye wastani wa sentimita 14, na kundi la samaki watano wenye wastani wa 187. Perege mrefu kuliko mimi! Kumbe kwa hao watano msaidizi wangu alisoma upande wa milimita wa rula.

Watano hao nikawagawa kwa 10. Bado mtawanyiko wa wakubwa ulivimba hadi sentimita 6, kwa ajili ya vipimo kama vinane, 38, 41, 44, ambavyo wino umevuja sijui ni kambare au ni makosa. Kufuta kwa macho sikutaka. Ukianza, utafuta kila kinachokuudhi.

Nikaiacha kengele ya kawaida (normali), nikaweka mgawanyo wa t, kengele yenye mikia minene isiyoshtushwa na walio mbali; unene wa mikia huamuliwa na namba iitwayo digrii huru, nami nikaweka 4. Hapo kila samaki ana uzito: 5 kugawa kwa jumla ya 4 na mraba wa umbali wake kutoka katikati, umbali ukipimwa kwa mtawanyiko wa kundi. Aliye umbali wa 1 anapata 1. Aliye umbali wa 6 anapata 5 kwa 40, yaani 0.125, hafukuzwi, ananong'ona tu.

Lakini nilipoirudisha ile milimita makusudi, hata t ilinasa kwenye lile kundi la samaki watano, kwani vianzio vyake, yaani makisio ya kuanzia, vilitokana na data chafu. Dawa ilikuwa kupanga urefu wote na kuanzia kwenye robo ya kwanza na robo ya tatu. Tena nikazuia mtawanyiko usishuke chini ya sentimita 1, la sivyo kundi zima huweza kumng'ang'ania samaki mmoja.

Kwa kujihakikishia nikajaribu pia njia ya kupogoa, inayowaweka kando asilimia 5 wasiofaa kokote, samaki 12. Majibu yakakaribiana: sita katika kila kumi wamezaliwa bwawani.

"Kumbe hao ndio wanaonimalizia pumba," mzee akasema, akaenda kutafuta wavu wa matundu madogo.