Raifo ya Kuchakuro na Hesabu ya Baruti

Huku magharibi mwa South Dakota ninakoishi, mwenye shamba la ng'ombe akikukaribisha kupiga kuchakuro, hisani inakuwa ya pande zote mbili. Wanyama hawa, ambao Wamarekani huwaita mbwa wa mbugani ingawa hawana undugu wowote na mbwa, hukata nyasi hadi karibu na mzizi na kuutoboa uwanda mzima mashimo. Kila mmoja ana uzito wa kilo moja hivi, hujitokeza umbali wa mita 100 hadi 300, na mpigaji anaweza kufyatua risasi mia mbili kwa siku bila kuhama alipolala. Idadi hiyo ndiyo niliyoisahau nilipokuwa nikitafuta raifo, nikawa ninasoma habari za kasi tu.

Kasi ina mvuto wake. Risasi ya .220 Swift, iliyotolewa na kampuni ya Winchester mwaka 1935, ilitangazwa kurusha kichwa chake, yaani kile kipande kinachoruka, chenye uzito wa greini 48, kwa zaidi ya mita 1,250 kwa sekunde. Haiiachi mbali .22-250, ambayo mafundi walikuwa wakijitengenezea wenyewe kwa kubana shingo ya ganda la .250 Savage, miaka mingi kabla Remington hawajaiingiza kiwandani mwaka 1965. Nikanunua .22-250 iliyotumika. Siku ya kwanza, baada ya risasi kumi na tano za kufuatana, mtutu ulikuwa haushikiki, na mawimbi ya joto yakicheza mbele ya darubini yalimfanya kuchakuro aonekane kama yumo majini. Nikakaa kusubiri upoe, huku jirani yangu, mzee mwenye .223 iliyochakaa kitako, akiendelea na kazi yake taratibu.

Kwa kuwa maganda yaliyokwisha kupigwa huyajaza upya mwenyewe, jioni ile nilipiga hesabu. Ratili moja ya baruti ni greini 7,000. Ganda la .22-250 hula takriban greini 35, kwa hiyo ratili hutoa risasi 200; la .223 hutosheka na 25 hivi, nawe ukapata 280; na .22 Hornet, kaliba (aina ya risasi kwa ukubwa wake) ya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa kawaida haivuki greini 13, kwa hiyo ratili hiyo hiyo hutoa zaidi ya 500. Haya ni makadirio ya kununulia baruti, si vipimo vya kujazia. Kipimo hutoka katika kitabu cha mtengenezaji, kwa baruti ile ile na kichwa kile kile kilichotajwa, na mtu huanzia chini ya jedwali akipanda kidogo kidogo huku akikagua maganda. Aliyewahi kuona gobore likishindiliwa kwa kukadiria kwa macho atanielewa nikisema kwamba mizani ndiyo kifaa nilichokigharamia zaidi.

Hornet niliipenda kwa uchumi wake, lakini mdomo wa ganda lake ni mwembamba mno na hukunjika ukililazimisha, na kupita mita 150 upepo huifanya utakavyo. Kaliba ya .204 Ruger, ya mwaka 2004, haisukumi bega, kiasi kwamba unaona mwenyewe kwenye darubini risasi inapotua. Tatizo ni kwamba maganda yake huyaokoti ovyo viwanjani. Kaliba ya .17 HMR haimhusu mjazaji: kemikali ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda, ukishaipiga ni ya kutupa.

Basi nikarudi kwa mzee na .223 yake. Maganda yake yako kila mahali kwa sababu ni ndugu wa risasi ya jeshi, lakini yale ya kijeshi huwa yamebanwa kuzunguka fataki, kile kidude cha kuwashia baruti kilicho kitakoni, na pete hiyo ya shaba nyeupe isipokwanguliwa kwanza, fataki mpya huingia upande na kupondeka. Ganda pia hurefuka kila linapopigwa. Likivuka milimita 44.70 lazima likatwe, la sivyo mdomo wake hubanwa mwanzoni mwa mtutu na shinikizo hupanda. Mimi nilijifunza somo jingine: nilipaka mafuta kidogo mno, ganda likang'ang'ania ndani ya kalibu ya kulirudishia umbo lake, nikashinda nusu ya Jumamosi nikilitoboa kitako ili kulivuta. (Wanaochunguza asili ya maneno husema kwamba kaliba na kalibu ni neno moja la Kiarabu lililopita njia mbili. Siku hiyo sikuona raha ya jambo hilo.)

Kabla ya kununua, tazama mzunguko wa mifereji iliyo ndani ya mtutu. Mzunguko mmoja kwa inchi 12 hutosha vichwa vya kawaida vya madini ya risasi hadi greini 55. Mimi hutumia vya shaba nyekundu, kwa sababu tai hushuka kula mizoga na vipande vya madini ya risasi huwadhuru. Shaba ni nyepesi kuliko madini hayo, hivyo kichwa cha uzito ule ule huwa kirefu zaidi, nacho huhitaji mzunguko wa inchi 9 au 8. Bei yake inauma.

Ile .22-250 sikuiuza. Majira ya baridi, koyote, mnyama wa jamii ya mbwa mwitu, anapokuja kunusa zizi la ndama, huwa ni risasi moja tu, na mtutu haupati wakati wa kuchemka.