Siku moja maishani mwangu: chumba cha nyuma cha duka la hisani

Saa mbili kasorobo asubuhi. Mwanzoni mwa Januari jua la hapa Reading, Uingereza, huchomoza baada ya saa mbili, kwa hiyo nafika bado kiza kwenye duka letu la kuuza vitu vilivyotumika ambavyo watu wametoa msaada, na leo ni Jumatatu. Katika kazi hii hakuna siku nzito kama Jumatatu ya Januari. Krismasi imepita, watu wamepewa vitu vipya, wameweka nia ya kuanza mwaka na nyumba isiyo na mrundikano. Wikendi nzima wametoa vitu kabatini na darini, na Jumapili usiku wakaja kuvibwaga mlangoni kwetu, chini kabisa ya tangazo linaloomba mtu asiache mifuko wakati duka limefungwa.

Usiku mvua imenyesha. Mbweha, ambao huku wanaishi mjini katikati ya watu, wamepasua mifuko, na baada yao kuna mtu amepita akachambua alichotaka. Sweta za sufu zimelowa chapachapa. Nguo za mtoto mchanga zimetapakaa kwenye lami. Nikiziokota naona bado zina alama za kukunjwa: mama fulani alizifua, akazikunja moja moja, akazileta kwa moyo mweupe. Angesubiri duka lifunguliwe, leo hii zingekuwa kwenye henga. Sasa zinaenda kwenye pipa la taka, na pipa hilo shirika letu linalilipia. Navaa glavu, nainama, naanza.

Niseme kwanza kazi yenyewe ni ipi, maana inaeleweka vibaya pande zote mbili. Nyumbani Dar ndugu wanaamini kwamba najichukulia nguo nizitakazo. Sivyo. Nikitaka kitu nakinunua, na sipangi bei yake mimi. Anaipanga mwenzangu na risiti inawekwa sahihi. Waingereza nao wengi hudhani najitolea, au natumikia adhabu ya mahakama, kwa sababu wapo wanaopewa adhabu ya kufanya kazi bila malipo kwenye maduka kama haya. Mimi ni meneja msaidizi, nalipwa mshahara, na wengi ninaofanya nao kazi ndio wanaojitolea. Duka letu ni la hospisi, nyumba wanakotunzwa wagonjwa ambao tiba imefikia ukomo. Kila shati tunalouza linasaidia kulipa muuguzi wa kukaa na mtu usiku. Maduka ya aina hii yako takriban 10,000 Uingereza nzima. Oxfam walifungua la kwao la kwanza la kudumu mwaka 1947, Broad Street, Oxford, mwendo wa treni usiofika saa moja kutoka hapa nilipo.

Saa tatu tunafungua. Bibi wa kaunta, mwenye miaka zaidi ya themanini, amekwisha vaa aproni na kupanga chenji. Mimi narudi chumba cha nyuma, kwenye meza.

Meza hii ndiyo ninayotaka watu waijue. Kila mfuko unaoingia unamwagwa hapa, na kila kitu kinapita mkononi mwa mtu. Kwanza harufu: unyevu, sigara, mbwa. Halafu kola, kwapa, mshono wa katikati ya miguu, pindo, zipu juu na chini. Mifukoni natoa leso, tiketi za basi, sarafu, mara nyingine pete au barua ya hospitali, na vya namna hiyo tunamtafuta mwenyewe tukiweza. Sweta za sufu naziinua mwangani kutazama vitobo vya nondo; chenye nondo hakilali humu hata usiku mmoja. Nguo nzima inapigwa mvuke, inavikwa henga, inapata kile kipande cha plastiki cha kuonyesha saizi, inachomwa lebo kwa ile bunduki ndogo ya plastiki. Bei nayo ina elimu yake. Lazima ujue blausi hii mpya dukani ni pauni ngapi, la sivyo utaiandika bei iliyozidi ya mpya na itakaa hapo hadi ichakae. Mtoaji anayelipa kodi ya mapato tunamwomba ajiandikishe kwenye Gift Aid: tukiuza vitu vyake na yeye akakubali pesa iwe mchango wake, serikali inaongeza peni 25 kwa kila pauni. Ni fomu ya dakika mbili. Wenzangu Waswahili mlio huku, msiipite.

Saa nne hadi saa sita ni hivyo hivyo: mifuko, mvuke, lebo, chai iliyopoa. Kijana wa sekondari anayejitolea kwa ajili ya tuzo ya vijana ya Duke of Edinburgh, ile ambayo wenzetu wa Kenya wanaijua kama President's Award, anapanga vitabu kwenye rafu. Mzee mmoja wa kujitolea analeta picha za kuunganisha vipande alizokwenda kuzikamilisha nyumbani kwake, maana hatuuzi picha ya vipande 1,000 ambayo kimoja kimepotea bila kumwambia mnunuzi.

Saa sita na nusu, wakati nimefungua chombo changu cha wali, likaja gari.

Lilisimama mbele ya mlango, kwenye mistari miwili ya njano pasiporuhusiwa kuegesha. Akashuka bwana mmoja, akafungua buti, akaanza kushusha bila salamu. Mifuko myeusi. Maboksi. Mikrowevu yenye waya uliokatika. Kiti cha gari cha mtoto. Kiti kikubwa cha sebuleni chenye mito. Magazeti, kanda za video, seti ya ensaiklopidia iliyoota ukungu. Vyote vikajaa njia, na mama mwenye kigari cha mtoto akashindwa kutoka dukani.

Nilimkaribisha, nikamshukuru, maana ndivyo inavyotakiwa na maana wengi wanastahili. Nikamweleza tunachoweza kupokea na tusichoweza. Kiti cha gari hatuuzi, kwa sababu hakuna anayeweza kujua kama kimewahi kupata ajali, na anayekaa humo ni mtoto. Kiti cha sebuleni kingefaa kabisa, lakini tangu kanuni za mwaka 1988 samani zenye mito zinatakiwa kustahimili moto, lebo ndiyo inayotuthibitishia hilo, na kwenye hiki lebo ilikatwa kwa mkasi. Bila lebo hatukiuzi. Mikrowevu ina waya wazi. Vitabu vyenye ukungu vinaambukiza rafu nzima.

Alinisikiliza akiwa amekunja mikono. "Lakini nawapa bure," akasema. "Mnakataaje kitu cha bure?"

Nikamwambia kukitupa si bure. Pesa ya kukitupa inatoka kwenye pesa ya wagonjwa. Akasema yeye amehama, funguo za nyumba ya zamani anazirudisha leo jioni, hana muda wa kwenda dampo la halmashauri. Nikamwelekeza lilipo. Akasema kule kuna foleni. Akamtaka meneja. Nikamwambia leo meneja ni mimi. Akamwita bibi wa kaunta, akamweleza upya yote kana kwamba mimi sijaeleweka, na bibi akamjibu neno kwa neno nilivyomjibu mimi. Wateja wameacha kuchagua, wanatazama. Wali wangu unapoa. Nimesimama mlangoni bila koti, nje baridi ya digrii tatu.

Hapo ndipo akafungua mfuko mmoja kunionyesha kwamba "nguo ni nzuri". Juu kabisa zilikuwa soksi zisizo na wenzake na nguo za ndani zilizovaliwa. Akaona nimeziona. Akasema, "Basi zipelekeni Afrika. Kule watafurahi na chochote."

Nimeshasikia maneno hayo mara nyingi, tena yanasemwa kwa upole, na watu wanaodhani ni wema. Leo nilimjibu, kwa adabu, sauti ya kawaida. Nilimwambia: mimi natoka huko. Shangazi yangu anauza nguo hizi hizi soko la Karume, Ilala. Hapewi bure na mtu yeyote. Ananunua robota la kilo 45 limefungwa nyaya, hajui ndani kuna nini mpaka alifungue, na mtaji ni wake mwenyewe. Akikuta limejaa vitu kama hivi, ile ni ada ya shule imepotea. Na nguo za ndani zilizovaliwa Tanzania ilishazipiga marufuku kuingia, kwa hiyo hata huko haziruhusiwi.

Hakujibu. Alitazama pembeni, akaona mkaguzi wa maegesho anakuja na mashine yake mkononi, akanyanyua mikrowevu na kile kiti kikubwa akavirudisha garini. Kiti cha mtoto pia. Mifuko akaiacha, akaondoka.

Hasira ilinikaa muda. Lakini mfuko hauna kosa, na kupanga mifuko ndiyo kazi yangu, basi nikaichukua yote nikaimwaga mezani kama ya mtu mwingine. Chini ya zile soksi mlikuwa na vitabu vya watoto visivyo na hata ukurasa mmoja uliopinda, jozi ya viatu vya mpira wa miguu vya mvulana, na koti la sufu la kiume, jeusi, zito, bitana nzima, vifungo vyote. Nikalipiga mvuke mimi mwenyewe. Nikaandika pauni 18.

Saa nane, au imeshapita. Nakula wali baridi nikiwa nimesimama.

Mchana huo akaja mama mmoja na mfuko mmoja tu. Nguo zimefuliwa, viatu vimefungwa kamba pamoja jozi kwa jozi, na kipande cha karatasi kimebanwa kwenye suruali: "zipu inakwama kidogo". Aliuliza kama ni wakati mzuri wa kuleta. Sikuwa na la kurekebisha, nilichukua henga tu. Ningependa wanaopunguza vitu nyumbani wajue jinsi mfuko kama ule unavyomrudishia mtu nguvu katikati ya siku kama hii. Haukuwa na kitu cha thamani kubwa. Mwenye mfuko alimfikiria atakayeufungua, basi.

Kiuno kinauma sasa. Kinauma upande wa kulia, upande wa kuinulia. Akaja dereva wa kampuni inayonunua nguo zilizoshindikana: zilizokaa wiki zake dukani bila mnunuzi, na zile zenye kasoro ndogo. Tunauza kwa kilo, kwa pesa ndogo sana, na kutoka kwake zinachambuliwa tena, nyingi zinavuka bahari, zilizochakaa zinakatwa matambara ya viwandani. Magunia yanapimwa moja moja na mimi ndiye ninayeyasukuma hadi kwenye lori. Kabla sijafunga gunia natazama mara ya pili. Hakuna anayenitaka nifanye hivyo. Nguo iliyochanika inakwenda gunia lake la matambara, haichanganywi na nzima, kwa sababu najua kuna mtu upande wa pili atafungua nyaya akiwa ameomba Mungu.

Giza limerudi kabla ya saa kumi na moja. Duka karibu tupu. Akaingia kijana mweusi mrefu, jaketi jembamba la mvua juu ya fulana, mikono kwapani. Nikajua papo hapo: mwanafunzi wa mkupuo wa Januari, siku za mwanzo mwanzo. Anatoka Lusaka, akanieleza, na hakuwa ametegemea baridi ya namna hii. Nikampeleka moja kwa moja kwenye lile koti. Lilimkaa mabegani kama amekatiwa na fundi. Akageuza lebo kutazama bei, akatazama tena, akauliza kama wamekosea. Hawajakosea, nikamwambia, nimeandika mimi. Akatoka amelivaa. Nilifurahi, nisiseme uongo, nilifurahi kuliko nilivyofurahi wiki nzima.

Kufunga. Kuhesabu droo, fedha ya kadi kando, taslimu kando, kufuta meza, kupiga deki. Mifuko ya leo haijaisha. Imepangwa ukutani hadi usawa wa bega, na kesho inakuja mingine. Nilipotoka kumwaga taka nikakuta kiti cha gari cha mtoto kwenye kichochoro nyuma ya duka. Sikumwona aliyekiweka. Nikakiandika kwenye daftari la kesho ili kikatwe mikanda kabla ya kutupwa, asije mtu akakiokota akamkalisha mwanawe.

Ndani ya basi simu ikalia. Dar ni saa tatu mbele yetu, na shangazi hulala mapema, lakini leo alikuwa macho.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikasema nimekula. Alikuwa amefungua robota la majaketi asubuhi. Mengi mazima, alisema, ila zipu zimekufa kwenye mengine, fundi wa pale sokoni anataka kumpandishia bei ya kubadilisha, na ameamua kesho alfajiri aende Kariakoo akanunue zipu mwenyewe kwa jumla. Tukapiga hesabu pamoja mpaka nikafika kituo changu.